Boriti ya Katikati

Jumamosi, 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Usiitikie kwa sauti! Nimesikia madaktari waliokupasua koo wamekukataza kusema wiki sita nzima. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akasema kaka yake hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe, na kama dawa ni kukatwa koo basi wangekupeleka ukiwa na miaka minne. Halafu akaenda jikoni akakaa huko kitambo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Kwa hiyo pona haraka, tafadhali.

Sasa habari. Msimu umepangwa! Michezo mitatu. Wa pili ni ule wa karani aliyepoteza muhuri, wa tatu ni wa mgonjwa asiyetaka kupona kwa sababu kitanda cha hospitali ni kizuri kuliko cha kwake (usijipate humo). Lakini wa kwanza, Mjomba, wa kwanza ndio utakaotuua kwa uzuri. Unaitwa "Harusi ya Hewani". Familia mbili zinagombania mpaka wa kiwanja, hakuna anayekubali harusi ifanyikie upande wa mwenzake, basi bwana na bibi harusi wanaamua kuoana hewani, kusiko na mpaka. Wanakaa kwenye bembea kubwa, inatoka jukwaani inapita juu ya vichwa vya watu wa safu za mbele, inarudi. Dakika kumi na mbili wanabembea huku wakigombana na wazazi walio chini.

Bibi harusi ni mwanangu Kasuku. Unajua alivyo, hilo jina hatukumpa bure. Ameshajifunza maneno yake na ya wenzake wote. Bwana harusi ni Mwokaji wa mkate, ambaye ni mzito kidogo lakini anachekesha.

Kwa kuwa wewe hupo, tumempata fundi mwingine wa jukwaa. Tunamwita Kipimo, maana alipima hata kiti kabla hajakikalia. Amezunguka ukumbi siku nzima na futi yake, akasema bembea itafungwa kwenye boriti ya katikati, kwani ndiyo iliyoko mahali panapofaa. Hatatoboa wala kupigilia, atazungusha kamba nene tu upande huu na upande ule. Tunafungua msimu Ijumaa, tarehe 16 Machi. Mama ameshajiwekea kiti chake kilekile, safu ya mbele, katikati.

Ulifanya malaika wetu aruke mwaka jana mpaka watu wakasimama juu ya viti. Mwaka huu nataka wasimame tena. Niandikie neno la baraka.

Mpwa wako


Ijumaa, 10 Februari
(Barua hii haikutumwa)

Mpwa wangu,

Msitundike kitu chochote kwenye boriti ya katikati. Siyo boriti.

Nimeandika mstari huo mara tatu na kila mara nachana karatasi. Ngoja niandike taratibu.

Unakumbuka ulivyotaka malaika atokee mlangoni, apite juu ya watu wote, atue jukwaani? Nilikwambia waya utagonga boriti. Ukanipiga bega, ukasema, "Mjomba, usiniambie haiwezekani, wewe neno hilo hulijui." Nikaona fahari. Mtu mzima mwenye mvi, nikavimba kichwa kwa neno la mtoto wa dada yangu. Nikapanda peke yangu na msumeno, nikakata pande mbili, nikatoa katikati ya boriti kipande kama urefu wa mtu. Vipande viwili vilivyobaki ukutani nikavishikiza kwenye paa kwa vyuma vyembamba, nikaficha pengo kwa vitambaa vyeusi, nikasema ni mawingu ya usiku. Malaika akapita palepale.

Mchezo ulipokwisha nilitaka kuirudisha. Lakini boriti iliyokatwa hairudi kwa gundi. Nikatengeneza sanduku la plaiwudi lenye umbo lake, nikalipachika kwenye pengo. Nikalipaka rangi. Nikachora mishipa ya mti, vichwa vya misumari, hata doa la mvua iliyovuja. Nilijiambia ni la muda. Mkaguzi wa manispaa alipokuja alisimama chini, akatazama juu, akaandika: boriti tano, zote salama. Siku ile nilicheka. Kazi yangu siku zote ni kufanya plaiwudi ionekane jiwe, ionekane chuma, na mimi ni hodari, wewe mwenyewe unasema.

Sasa silali. Boriti zile ndizo zinazoshika kuta zisitanuke.

Siwezi kukuletea barua hii. Utaisoma mbele ya mama yako.


Ijumaa, 10 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Koo linapona, nanywa uji kwa mrija kama mtoto mchanga, na ninaandika kwenye kibao cha chokaa kila nikitaka maji. Wauguzi wananiita Bwana Kimya. Hebu fikiria.

Msimu wenu ni mzuri. Karani na muhuri, safi. Mgonjwa na kitanda, safi sana. Ila hii Harusi ya Hewani, samahani, sikuielewa. Bembea ni mchezo wa watoto. Watu wazima wanalipa kiingilio waje kutazama bembea? Tena walio safu ya mbele watakaa wakitazama juu dakika kumi na mbili, watainuka shingo zinauma. Na bwana harusi ni Mwokaji! Yule mtu akikaa kwenye kigoda kigoda kinaomba msamaha.

Ushauri wa fundi mzee: waweke kwenye gari la kukokota. Hewani ni hewani, mtu akiwa juu ya gari miguu yake haigusi ardhi. Utapata kicheko kilekile. Au anzeni na ule wa karani, huo wa bembea mniachie mpaka nirudi. Nitaufunga mwenyewe.

Mwambie dada yangu upepo wa jukwaani si mzuri kwa magoti yake. Akae nyuma karibu na mlango mkubwa.

Mjomba wako


Ijumaa, 17 Februari

Mjomba,

Gari la kukokota! Nilimsomea Kasuku, akaniuliza kama wamekutoa koo au wamekutoa akili. Nimemkemea. Lakini nami nilibaki na barua yako mkononi nikijiuliza huyu ni nani aliyeiandika, maana mjomba ninayemjua angenitumia mchoro wa bembea wenye taa na maua.

Niseme ukweli, usinikasirikie. Nadhani linalokuuma ni Kipimo. Ninaelewa. Miaka kumi na tisa jukwaa lile ni lako, halafu anakuja mtu na futi yake anapanda ngazi yako. Lakini Mjomba, hajachukua nafasi yako. Anatunza tu. Kila anachogusa anauliza, "Mzee alikuwa anafanyaje hapa?" Anakuheshimu mpaka anachosha. Juzi alisimama chini ya boriti zako zile akasema, siku hizi hakuna mtu anayejenga hivi.

Ukumbi unazeeka lakini. Mlango mkubwa umeanza kukwama, wiki nzima tunausukuma kwa bega. Kipimo ameupiga randa, ukafunguka siku mbili, ukakwama tena. Anasema unyevu. Na ufa ule mdogo juu ya dirisha la upande wa barabara umefika chini sasa, nimewaambia wanaopaka rangi waujaze. Usijali, utaukuta umependeza.

Mama amegoma kuhama kiti. Anasema amekaa hapo michezo yote, magoti ni yake. Mjukuu wake ndiye bibi harusi, anataka kumwona mpaka pua.

Bembea itafungwa Jumamosi ya tarehe 3 Machi ili wazoee. Kwa sasa wanafanya mazoezi chini, kwenye benchi.

Niombee, badala ya kunikatisha tamaa.

Mpwa wako


Alhamisi, 23 Februari

Mpwa wangu,

Umesema mlango unakwama. Umesema ufa umefika chini. Nimesoma mistari hiyo mpaka karatasi imelegea mikononi.

Sikiliza. Simwonei wivu Kipimo. Mwambie namsalimu, mwambie ana bahati ya kuwa na miguu ya kupandia ngazi. Sababu nyingine ipo, nilikuwa sitaki kukutia hofu. Boriti ya katikati ina mchwa. Niliwaona mwaka jana, nikasahau kusema, halafu koo likaanza na mengine yote yakanitoka. Mchwa wanakula ndani, nje inabaki nzuri. Kwa hiyo msiiguse. Msifunge hata uzi. Na kwa kuwa mchwa wana tabia ya kuhama, ningependa msikae ukumbini kabisa mpaka nije. Fanyieni mazoezi shuleni unakofundisha, au uani kwa Mwokaji.

Ninaomba. Umewahi kunisikia nikiomba?

Mwandiko umeharibika, ni dawa tu.

Kasuku asipande hiyo bembea. Mpwa wangu, mtoto asipande.

Mjomba


Alhamisi, 1 Machi

Mjomba,

Barua yako imefika jana na imemliza mama. Ameutazama mwandiko akasema, "Huyu si kaka yangu, tazama herufi zilivyokimbia." Nimemwambia umesema ni dawa. Akasema ndiyo anachokiogopa.

Haya. Mchwa. Nilimpandisha Kipimo siku hiyohiyo. Alipanda mwisho wa boriti, pale inapoingia ukutani, akagonga kwa nyundo, akachoma kwa bisibisi. Mti mgumu, mkavu, hauna hata tundu la sindano. Akagonga na mwisho wa pili, vilevile. Katikati hakufika kwa sababu ngazi haina pa kuegemea, lakini aliitazama vizuri, akasema rangi ya mti haina kasoro, mishipa imenyooka, mchwa wangekuwa wameacha udongo. Tukatoa na karatasi ya mkaguzi. Boriti tano, zote salama.

Kwa hiyo, Mjomba, ama umekosea ama umenidanganya, na sijui lipi linaniuma zaidi. Kwanza ilikuwa shingo za watu, halafu magoti ya mama, halafu mchwa. Kesho utaniambia nini, popo? Nimekaa na mume wangu, ameniambia niwe mpole, mtu aliyefunguliwa koo anaona kifo kila pembe. Nimejaribu. Lakini mimi pia nina hofu zangu. Manispaa inautaka ukumbi tarehe 16 kwa mkutano wao, tumelazimika kurudisha ufunguzi nyuma wiki nzima. Sasa ni Ijumaa ya tarehe 9. Watu mia tatu. Shule mbili zimeshachukua safu za mbele kwa watoto wao, pembeni mwa mama. Maleba bado, taa bado, Mwokaji bado anasahau kiapo chake.

Bembea inafungwa keshokutwa. Nitapanda mimi wa kwanza ili uone siogopi.

Naomba usiniandikie tena habari ya boriti. Niandikie habari ya koo lako, hiyo nitaisoma.

Mpwa wako anayekupenda hata hivyo


TELEGRAMU
Jumatano, 7 Machi

BORITI YA KATIKATI NILIIKATA MIMI. NI PLAIWUDI NA RANGI. MTEREMSHENI KASUKU. WATU WASIINGIE. SI UGONJWA. MJOMBA


Jumatano, 7 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nilipofika pale penye tarehe 9 nilivuta blanketi la kitanda cha jirani nikajifunika, nikatoka na nguo za hospitali mpaka posta ya chini. Muuguzi alinikimbilia, nikashindwa kumwambia kitu, kibao nilikiacha. Nikamwandikia karani wa posta maneno yote kwenye karatasi. Akayahesabu kwa kalamu, akafika "niliikata mimi", akaniinulia macho. Ni mtu wa kwanza duniani kujua. Aligonga ile mashine yake, akanipa kiti.

Simu ingefaa nini? Kwenu haipo, na mimi sina sauti. Nimejaribu kusema jina lako mbele ya kioo, imetoka damu.

Haya ndiyo yote. Nilikata boriti ili malaika apite. Nimeificha kwa sanduku la plaiwudi. Alichogonga Kipimo ni vipande viwili vya pembeni, hivyo ni mti kweli, lakini vimeshikwa na vyuma vyembamba tu, unene wa kidole chako kidogo. Kuta zinatanuka, ndiyo maana mlango unakwama. Si unyevu. Paa limesimama kwa sababu hakuna aliyelisumbua. Mkilibembeza na watu wawili, na mmoja ni Mwokaji, sijui. Kweli sijui. Nimechora hesabu yake ukutani hapa kwa kucha na kila nikichora inakuja vibaya.

Kwa nini sikusema? Naandika bila kuchagua maneno. Nilifikiri kwanza kifungo. Halafu nikafikiri watatufukuza ukumbini, kikundi kitakufa. Halafu nikafikiri uso wako. Uso wako ndio ulionishinda. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unashika kuta zangu za plaiwudi unasema, "Mjomba, hili ni jiwe kweli." Sikutaka uje uishike ile.

Usidhani nilikuwa nimesahau. Kila onyesho, baada ya kuikata, nilikuwa nikitazama juu tangu pazia linafunguka mpaka linafungwa. Sikuona mchezo hata mmoja. Nililinda.

Kama telegramu imechelewa, barua hii haina kazi. Naituma hivyohivyo, kwa mtu anayekuja huko.

Mjomba


Jumapili, 11 Machi

Mjomba,

Mtoto ni mzima. Nimelitanguliza hilo, ingawa jana nilikaa na kalamu nikawaza kukuacha usubiri na wewe kidogo.

Telegramu ilifika Alhamisi saa nne asubuhi, nyumbani. Mimi nilikuwa shuleni. Aliipokea mama. Sasa fikiria, una kaka hospitalini aliyefunguliwa koo, mwandiko wake unakimbia, na mtu wa posta anakupa telegramu. Mama aliijua imeandikwa nini. Akaiweka mapajani hajaifungua, akakaa nayo kwenye kiti cha barazani. Aliniambia baadaye, "Nilisema bila kufungua bado yuko hai." Akakaa hivyo saa nne, saa tano, saa sita, mpaka saa tisa.

Saa nane sisi tulikuwa tumeanza mazoezi ya mwisho. Watu kumi na wanane ukumbini. Kasuku na Mwokaji juu. Nilikuwa nimekaa kiti cha mama, nikiwaambia waongeze kasi, haitoshi, nataka watu wapige kelele. Niliyasema hayo, Mjomba. "Ongezeni, mbona mnaogopa."

Mama aliifungua saa tisa. Hakuvaa hata viatu. Alipofika mlango mkubwa umekwama, akapitia nyuma ya jukwaa. Nilimwona anatoka upande wa jukwaa, miguu mitupu, uso hauna damu, nikajua umekufa. Nikasimama. Yeye hakunitazama. Alitazama juu, bembea inakwenda inarudi, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya jikoni, akasema, "Kasuku, mjukuu wangu, acheni kusukuma. Kaeni tu, mshuke, nina maneno." Kasuku akasema, "Bibi, tuko katikati ya kiapo!" Mama akasema, "Najua. Usicheze na miguu. Kaa." Hakupiga kelele. Angepiga kelele yule mtoto angeruka, namjua.

Bembea ile haisimami upesi. Inakwenda, inarudi, inapungua kidogo. Mama akanipa karatasi huku akitazama juu. Nikasoma. Kisha nikainua macho nikaitazama boriti, na naapa, hata baada ya kusoma niliona mti. Niliona doa la mvua. Nikawaza umerukwa na akili. Halafu vumbi jeupe likaanza kumwangukia Mwokaji kwenye kofia ya harusi, akalifuta, akacheka. Nilihesabu. Zilikuwa safari kumi na nne, kwenda na kurudi, mpaka miguu ya mwanangu ikagusa mbao. Nilimvuta mkono nikamwumiza, mpaka leo ana alama. Nikawatoa wote nje kupitia nyuma ya jukwaa, mmoja mmoja, bila kukimbia, mama akiwa wa mwisho kwa sababu alikataa kutangulia.

Kipimo akarudi ndani. Tulimkataza. Alifunga ngazi mbili pamoja, akapanda mpaka katikati. Akaiwekea kidole gumba boriti yako, akasukuma, kikaingia. Chuma kimoja cha juu kilikuwa kimefunguka, upana wa kalamu. Alishuka polepole, akatoka uani, akakaa chini. Akasema, "Kazi safi. Sijawahi kuona kazi safi namna hii." Halafu akatapika.

Ijumaa watoto wa shule mbili walikuja na nguo zao nzuri tukawarudisha getini. Niliwaambia mwigizaji ameugua. Naona uongo tunaurithi. Jana manispaa wamefunga ukumbi kwa mnyororo, na wameuliza jina lako na hospitali uliyolazwa. Nimewapa. Nimewaambia pia ni mimi niliyesema usiniambie haiwezekani. Wameandika vyote viwili. Msimu hatuna tena, hata huo wa karani, na Kasuku hajatamka neno tangu Alhamisi. Anakaa na mama, wanashikana mikono.

Mjomba, sijui nikuite nini sasa. Usiku nasikia kamba zinalia. Sitaki kukuchukia ukiwa huna sauti ya kujitetea, kwa hiyo nasubiri upone.

Barua yako ndefu imefika leo, kuna mtu aliyetoka huko ameileta kwa mkono. Nimemsomea mama yote, sikuruka kitu. Pale uliposema ulikuwa ukitazama juu kila onyesho, ulilinda, alinisimamisha. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Kisha akaniambia nikuandikie hivi, na nimeandika kama alivyosema, sikuongeza:

"Muulize kaka yangu. Baada ya kuikata yalikuwa maonyesho kumi na moja, na yote nilikaa chini yake, kiti alichonichagulia yeye, tena alinifutia vumbi mwenyewe. Nilikuwa sigeuki nyuma, natazama mchezo. Yeye alikuwa amesimama wapi?"

Anasubiri jibu. Hajakasirika, ungemwona. Anataka kujua tu.

Mpwa wako


Jumamosi, 17 Machi

Dada yangu,

Nimemwandikia mpwa wangu barua nne za kumjibu na zote nimesema nilikuwa chini yake pamoja nawe. Nimezichana. Ya mwisho nilikuwa nimeshaibandika stempu.

Nilikuwa kwenye mlango mdogo ulio nyuma ya viti vyote, ule wa kuingizia mbao. Maonyesho yote kumi na moja. Nilikuwa naufungua kabla pazia halijafunguliwa, naweka tofali usijifunge. Nakuona kisogo chako na kitambaa chako, unacheka, na mimi nimesimama pale, mguu mmoja nje.

Kaka yako